Kidude Ndani ya Kopo la Sindano

Kila asubuhi, kabla sijachukua jembe, nilikuwa nazima umeme wa nyumba nzima. Swichi kubwa iko ukutani nyuma ya mlango wa mbele, na nilikuwa naivuta chini kwa mpini wa mwiko, maana mkono wangu haupendi kugusa kitu kile. Nyumba ya mdogo wangu iliungua mchana kweupe, wenyewe wako msibani, kwa waya uliojificha darini. Halikupona hata sanduku la nguo. Tangu siku ile nikasema mimi sitauacha umeme peke yake na nyumba yangu. Nikirudi shamba alasiri, naipandisha. Majirani hapa Kisarawe wananijua kwa hilo, na wapo wanaonicheka.

Naanza na hiyo swichi kwa sababu ndipo yote yalipoanzia. Wakati ule niliwaambia watu yameanzia kwa mkamwana wangu. Sikusema kweli.

Mwanangu wa kiume ana mke na mtoto mmoja wa kike. Walikuwa wamepanga Misugusugu, kule Kibaha, chumba kimoja na sebule. Mwanangu akitoka alfajiri kwenda kazini Dar, mkewe akiuza mboga kando ya barabara. Mtoto alipofika miaka minane akaanza kunywa maji bila kiasi na kukojoa kitandani, akakonda mpaka nguo za shule zikawa zinamvuka mabegani. Hospitali wakasema ni sukari. Nikasema sukari ni maradhi ya watu wazima walioshiba. Wakasema hapana, hata watoto, na hii ya kwake haina vidonge. Ni sindano asubuhi na jioni, maisha yake yote, na dawa yenyewe lazima ikae kwenye friji.

Misugusugu hawakuwa na friji. Mimi nilikuwa nalo, la milango miwili, juu barafu, chini vyakula. Huko juu nilikuwa nagandisha ubuyu kwenye vimifuko, nawauzia watoto wa shule. Basi mwanangu akamleta mkewe na mtoto kwangu, yeye akabaki kule kwa ajili ya kazi, akawa anakuja Jumapili.

Mkamwana wangu ni mtu wa bara. Akiniamkia anapiga magoti. Kwetu sisi mtu anaamkia amesimama, inatosha, na mimi badala ya kulipenda lile goti nililiona ni kujipendekeza. Alikuwa anapika ugali mgumu. Alikuwa hasemi sana. Hayo ndiyo makosa yake niliyoyajua, na sasa nikiyaandika naona hata hayajazi mstari.

Mtoto alikuwa kitu kingine. Namwita mke mwenzangu, ndivyo tunavyotaniana kwetu bibi na mjukuu. Babu yake alishafariki siku nyingi, lakini tulimgombania kama yuko barazani anasubiri chai.

"Mke mwenzangu, leo umeunguza mchuzi," ataniambia. "Mume atakuacha."

"Ataanza na wewe usiye na meno ya mbele."

"Yangu yanaota. Ya kwako je?"

Nilikuwa namrushia kanga, anakimbia, anarudi na jibu lingine. Mtoto wa maneno yule. Alikuwa anajichagulia mwenyewe upande wa tumbo wa kuchomwa sindano, leo kulia kesho kushoto, na ukikosea anakukumbusha.

Siku waliyofika, mama yake alipanga zile chupa ndogo za dawa ndani ya kopo la plastiki la siagi, akaliweka kwenye rafu ya katikati.

"Mama, wamesema ikae hapa. Siyo kule juu."

"Friji la nani?"

"La kwako, mama."

"Basi."

Ikaisha hivyo. Hakunieleza kwa nini siyo juu, nami sikuuliza. Kuuliza ningekuwa nimejishusha.

Sasa kulikuwa na ile swichi yangu. Nilifikiri, na nataka ijulikane kwamba nilifikiri. Nikizima umeme asubuhi, rafu ya katikati mpaka adhuhuri inakuwa vuguvugu kama kabati la kawaida. Lakini huko juu kwenye ubuyu, hata umeme uzimwe, barafu inakaa mpaka narudi. Basi kila asubuhi, mtoto akishachomwa na kwenda shule, mama yake akishaenda sokoni na mboga zake, nalichukua kopo, nalifukia katikati ya mifuko ya ubuyu iliyokakamaa kama mawe, ndipo navuta swichi. Alasiri narudi kabla yao wote. Nalitoa kopo, nafuta umande kwa kanga, nalirudisha katikati, napandisha umeme. Hakuna aliyejua. Niliona nimetunza nyumba na nimetunza dawa, vyote kwa akili yangu mwenyewe.

Siku moja niliona ndani ya chupa kuna ganda jeupe. Nikaibana katikati ya viganja mpaka ikayeyuka. Ikawa maji kama mwanzo. Nikasema maji ni maji, nikairudisha.

Mwezi wa pili tangu waje, mtoto akaanguka. Alipumua kwa kasi kama aliyekimbizwa, mdomo unanuka embe lililooza. Tukamkimbiza hospitali, wakamtundikia maji, wakampa dawa yao, akaamka. Daktari akauliza sindano anachomwa vipi. Mkamwana akajibu asubuhi na jioni, hajakosa. Daktari akaongeza kipimo, tukarudi nyumbani. Haikupita muda akaanguka tena. Safari hii daktari alimtazama mkamwana wangu kwa muda.

"Mama, unamchoma kweli?"

"Namchoma, daktari."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na chupa ya chai mapajani. Nikaona vile daktari hakumwamini. Na sikumwonea huruma. Nilifurahi kidogo, kwa sababu lile nililokuwa nalo moyoni juu yake lilikuwa limepata mtu aliyesoma wa kulisema.

Jioni ile nikampigia mwanangu simu. Nikamwambia mkeo ana haraka ya sokoni kuliko ya mtoto. Nikamwambia huwa hachomi, anajifanya. Sikuwahi kumwona akiacha hata siku moja. Niliyasema tu, na yalitoka mdomoni kama maneno ya mtu aliyeona.

Nina binti, ndiye kitinda mimba wangu. Ana kibanda Maili Moja, anatengeneza simu, na anawatengenezea wafugaji wa vifaranga vidude vya kupima joto la banda. Mwanangu alipompigia kumwambia maneno yangu, akapanda pikipiki akaja Kisarawe.

"Mama, kabla hatujamlaumu mtu, tuipime dawa yenyewe inavyokaa."

"Inakaa kwenye friji. Itakaaje?"

"Ndiyo tujue."

Akatoa kwenye mkoba kitu chenye ukubwa wa biskuti. Kibao cha kijani, chipu moja nyeusi ya mraba, na pembeni mstari wa rangi ya dhahabu unaokwenda upande upande kama njia ya konokono ukutani. Alisema mstari ule ndio antena, ndio unaozungumza na simu yake bila waya akiwa karibu. Hapakuwa na haja ya mtandao wala vocha. Alikichomekea betri ndogo, akakifunga kwenye kifuko cha nailoni kisiingiwe na unyevu, akakilaza ndani ya kopo juu ya zile chupa.

"Kila dakika kinapima, kinaandika. Nikija nakisomea kwenye simu."

"Na umeme ukikatika?"

"Kina betri yake, mama. Umeme wenu hakina habari nao."

Mimi nilikuwa nachambua mchicha. Nililolishika ni hilo moja, kwamba kina betri, kwa hiyo kinaandika kwa nguvu ya betri. Mengine aliyoyasema yalipita.

Mkamwana wangu alisimama mlangoni akitazama. Binti yangu akamwambia, "Wifi, usikitoe. Kikae humo humo na dawa." Akajibu, "Sitakigusa." Na kweli hakukigusa.

Kesho yake nikalifukia kopo kwenye ubuyu kama kawaida, kidude ndani. Sikuona ubaya. Nilijua kitaandika ubaridi, na ubaridi ndio ulikuwa unatakiwa.

Mara ya tatu mtoto alikaa wodini siku nne. Kwa dawa ya hospitali alichangamka, akaanza tena kunitukana. Siku ya nne, siku ya kutoka, mama yake alikuwa amekwenda kuanua nguo. Kwenye kitanda cha pili palikuwa na mama mgeni, mwanawe naye ameanza sindano. Muuguzi alikuwa anamfundisha, sauti yake ya kawaida tu, wala hakuwa anasema na mimi.

"Iweke friji, chini. Usiipeleke kwenye barafu hata siku moja. Ikiganda imekufa. Ikiyeyuka utaiona nzima, lakini imekufa. Ukimchoma hiyo unamchoma maji."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha mtoto. Nikakiweka chini. Yule mama mgeni akatikisa kichwa kwamba ameelewa, akarudia, "Ikiganda imekufa."

Mkamwana akaingia na nguo. Muuguzi akamuuliza, "Ya nyumbani mnayo?" Akasema, "Ipo, chupa tatu." Akaambiwa, "Basi endeleeni na hiyo." Hapo ndipo mahali pangu pa kusema palipokuwa. Kulikuwa na muuguzi, kulikuwa na kabati la dawa, kulikuwa na mtoto aliye hai anavaa viatu. Nikabeba ndoo, tukaondoka.

Ilikuwa Alhamisi. Jioni mkamwana akafungua kopo, akavuta dawa, akalipiga kucha bomba la sindano kutoa mapovu. Mtoto akasema, "Leo kushoto." Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, hatua tatu kutoka kwao. Nilikuwa najua. Nilitazama sindano inaingia, nikatazama inatoka.

Watu wananiuliza, na nami najiuliza, ulikuwa unafikiri nini? Nilifikiri huenda chupa moja haikuganda. Nilifikiri kwamba kuanzia kesho sizimi umeme tena, na kopo silipandishi tena, basi mambo yatakaa sawa. Ijumaa niliiacha swichi juu kwa mara ya kwanza tangu nyumba ya mdogo wangu iungue, nikaenda shamba nageuka nyuma kila baada ya hatua kumi kutazama kama kuna moshi. Niliona nimefanya jambo kubwa. Dawa iliyokufa ilikuwa bado mle ndani ya kopo.

Kisha nikakumbuka kidude.

Binti yangu alikuwa anakuja Jumapili kukisoma. Jumapili hiyo hiyo mwanangu alikuwa ametuita wote tukae, kwa sababu ya maneno yangu juu ya mkewe. Ijumaa nilirudi shamba mapema. Nyumba ilikuwa tupu. Nikafungua kopo, nikakitoa kidude kwenye nailoni yake, nikaichomoa betri kwa ncha ya kisu.

Nilikuwa na redio ya saa, ya zamani. Ukiitoa betri, saa yake inapotea, inaanza upya kama haijawahi kuona siku. Nikajua na hiki ni vile vile. Kimekula betri, kimeandika kwa betri. Kidude chenyewe nikakirudisha kwenye kopo bila betri, mkamwana akifungua akikute, na betri nikaifunga kwenye pindo la kanga yangu. Usiku kucha na kesho yake mpaka adhuhuri ilikuwa kiunoni kwangu, ndogo kama kifungo cha koti. Nikairudisha, kidude nikakifunga kama kilivyokuwa, nikakilaza juu ya chupa. Nikanawa mikono.

Jumamosi hiyo mtoto alimaliza mtungi wa maji. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, mtungi ule ni wa mume wetu." Hakunijibu. Alikuwa ameegemea mlango anapumua.

Jumapili mwanangu alikuja kutoka Misugusugu, na binti yangu kutoka Maili Moja. Mtoto alikuwa ametapika asubuhi. Mama yake alitaka kumpeleka hospitali, mwanangu akasema, "Tumalize kwanza hili, maana kila siku ni hospitali na sababu haijulikani." Tulikaa sebuleni. Mkamwana alikaa mkekani, kichwa cha mtoto mapajani mwake. Binti yangu akalichukua kopo akatoka nalo uani, simu mkononi.

Mwanangu akaanza kusema. Aliongea akitazama sakafu.

"Nimevumilia. Mtoto ameanguka mara tatu. Mama ananiambia huchomi. Daktari naye anashangaa. Utarudi kwenu ukapumzike. Mtoto atabaki hapa kwa bibi yake."

Mkamwana hakulia. Aliuliza swali moja.

"Nani atamchoma?"

"Mama atamchoma."

Ndipo binti yangu akachungulia. "Mama, njoo kidogo."

Nikamfuata nyuma ya jiko. Alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa, kopo miguuni. Akanionyesha simu. Mstari ulikuwa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kama matuta ya mihogo.

"Kila asubuhi dawa inashuka chini ya kuganda. Kila alasiri inapanda. Kila siku ya Mungu tangu nilipokiweka, ukitoa hizi za mwisho. Nani analipeleka kopo kwenye barafu?"

Niliinama, nikalifunika kopo.

"Halafu hiki kila kikiwashwa, kitu cha kwanza kuandika ni alama ya kuamka. Alama ziko mbili. Moja ni mimi, siku ile. Ya pili ni jana. Nani alikizima?"

"Nilitoa betri," nikasema. "Si kimesahau?"

Alinitazama vile mtu anavyomtazama mgonjwa.

"Mama, flashi ya kaswida zako si unaichomoa kwenye redio kila siku? Ukiirudisha, kaswida zimepotea?"

"Hazipotei."

"Basi ndani ya chipu hii kuna flashi kama ile. Betri inatumika kuandika tu. Kikishaandika, kimeandika. Ungeweza kukiweka mwaka mzima bila betri."

Flashi ile nina miaka nayo. Naitia kwenye redio baada ya alfajiri, naichomoa naifunga kwenye kitambaa pamoja na tasbihi. Jambo lile nilikuwa nalijua kwa mkono wangu mwenyewe, ila sikujua kwamba nalijua.

Nikamwambia, "Futa."

"Nifute nini?"

"Hizo zinazoshuka. Acha zile za sawa. Mwambie kaka yako friji ni bovu."

"Haifutiki hivyo. Flashi haifuti mstari mmoja. Inafuta ukurasa mzima kwa pamoja, mamia ya mistari, ndipo iandike upya. Nikifuta asubuhi zako, nimefuta na hizi." Akaweka kidole juu ya simu, kwenye vijiti vidogo vilivyosimama asubuhi na jioni. "Unaviona? Hapa kopo limetolewa nje ya friji dakika chache, likarudishwa. Asubuhi na jioni. Asubuhi na jioni. Ukitoa zile za wodini, na hapa kilipozimwa, hakuna siku iliyorukwa. Huyu ni wifi anachoma. Ndiyo ushahidi wake pekee alionao duniani, na hajui kama anao."

Kutoka ndani nilimsikia mwanangu akisema, "Kusanya nguo zako." Na nikamsikia mtoto anatapika.

Sikuondoka pale mara moja. Hapa nitasema ukweli wote. Binti yangu alisema, "Nenda ukawaambie mwenyewe, au nitakwenda mimi," na mimi nilisimama nikaokota vifuu vilivyokuwa vimetawanyika karibu na jiko, kimoja kimoja, nikavipanga ukutani. Labda vifuu kumi. Ndipo nikaingia.

Nikasema nikiwa nimesimama, "Dawa imekufa. Niliigandisha mimi. Mke wako anachoma, hajawahi kuacha. Mpelekeni mtoto."

Mwanangu alisimama. Mkamwana aliinua uso. Ndiyo mara ya kwanza kunitazama machoni tangu aolewe.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mlipokuja."

"Na umejua lini?"

Hilo sikulitegemea. Ningeweza kusema leo. Binti yangu alikuwa nyuma yangu, lakini hata yeye hakujua habari za muuguzi. Kidude hakikuandika habari za muuguzi.

"Alhamisi," nikasema.

Alihesabu. Nilimwona anahesabu. Alhamisi jioni, Ijumaa mara mbili, Jumamosi mara mbili, Jumapili asubuhi. Sindano sita alizompiga mwanawe kwa mkono wake, mimi nimekaa kwenye kigoda. Akafungua kanga, akamfunga mtoto mgongoni, mtoto wa miaka minane, miguu inaning'inia, akatoka bila viatu. Mwanangu akamkimbilia.

Mtoto alilala bila kufumbua macho siku tatu. Walisema ubongo ulikuwa umevimba. Binti yangu alimwonyesha daktari ile mistari kwenye simu, na daktari akaenda kumwomba radhi mkamwana wangu pale kitandani, mbele ya watu. Mimi nilikuwa nje kwenye benchi. Hakuna aliyenizuia kuingia, na hakuna aliyeniita.

Siku ya nne akafumbua. Tukashukuru. Lakini aliyeamka hakuwa sawasawa na yule aliyelala. Mkono wa kushoto unatetemeka akishika kikombe. Maneno anayo, ila yanakuja polepole, na mengine hayaji. Shule amerudishwa nyuma madarasa mawili. Wanasema atazidi kupata nafuu. Wanasema.

Walirudi Misugusugu. Mwanangu alinunua friji dogo, lenye mlango mmoja, lisilo na barafu. Kwangu kopo halikubaki, wala kidude. Swichi kubwa siku hizi siigusi. Naenda shamba umeme umewaka, na nyumba ikitaka kuungua na iungue.

Nilikwenda kwao baada ya mwezi wa mfungo. Nilipeleka mihogo na korosho. Mkamwana wangu aliniamkia, na safari hii hakupiga goti. Alisema "Shikamoo mama" amesimama, kama watu wa kwetu, nami nikaitika marahaba na macho yangu kwenye vidole vyangu vya miguu.

Binti yangu alikuwepo. Alikuwa amekibadilishia kidude betri. Nikamuuliza pembeni, "Zile za zamani bado zimo?"

"Zimo. Nimekipangia kizunguke, kila ukurasa uandikwe kwa zamu. Ukiandika na kufuta mahali pamoja kila siku, mahali pale panachoka, hapashiki tena. Lakini zile kurasa za Kisarawe nimeziweka nje ya zamu. Wifi ndiye aliyeniomba."

"Zitachoka lini?"

"Zisizoguswa? Wewe na mimi tutatangulia."

Nikaenda kwa mkamwana mwenyewe, alikuwa anaosha vyombo, nikainama, jambo ambalo sijapata kulifanya mbele ya aliyezaliwa nyuma yangu. Nikamwambia, "Mama, nakuomba, zile za kwangu zifutwe. Yamekwisha."

Hakuacha kuosha.

"Mama, siku ile nilikuwa nakusanya nguo. Hizo ndizo zilizonibakiza na mwanangu. Ziache."

Nikasema, "Haya."

Mtoto alikuwa amekaa mlangoni, ametulia, anamenya korosho moja kwa muda mrefu. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, unamlia mume wetu korosho zake." Alinitazama. Alitabasamu vile mtoto mwenye adabu anavyomtabasamia mgeni. Kisha akatazama upande wa mama yake, kama anayeuliza ajibu nini.

Saa ya sindano ikafika. Mkamwana akafuta mikono, akaenda kwenye friji. Kopo ni lile lile la siagi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda karibu na kitanda, hatua tatu. Alishika kifuniko, hakufungua. Alisimama hivyo na kopo mkononi, amenipa mgongo, anasubiri.

Nikanyanyuka, nikachukua viatu vyangu, nikatoka nje. Ndipo nikasikia kifuniko kinafunguka.